Gramu 1,635 kwa yuro 1,085: vipuri nilivyofunga kwenye baiskeli yangu ya umeme ya mlimani

Mwenye haraka nimpe hukumu kwanza. Ukitaka kupunguza uzito wa baiskeli ya umeme ya mlimani, anza na matairi, halafu magurudumu, halafu uache. Vipuri vingine vinashusha namba kwenye mizani, na kimoja au viwili nimevipenda kwa sababu zake, lakini njiani huwezi kuhisi kwamba vimepunguza uzito. Nimetumia yuro 1,085 na nimeondoa gramu 1,635. Gramu 900 kati ya hizo zilitoka kwenye matairi na magurudumu, na kwa hizo ningelipa tena hata leo.

Naishi Freiburg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, mji uliokaa miguuni pa milima ya Schwarzwald. Ni muuguzi, kazi yangu ni ya zamu, na mazoezi yangu ni msituni. Jengo ninaloishi ni la zamani, halina lifti, na baiskeli za wapangaji wote hulala stoo chini ya ardhi. Ngazi za kwenda huko ni nyembamba, zina kona katikati, na ukiwa umebeba baiskeli begani lazima uinamishe kichwa pale chini ya bomba la maji ya moto. Mimi ni mwanamke wa kilo 64, na siku nzima kazini nainua wagonjwa. Kubeba kilo 25 kwenye ngazi hizo kabla sijaanza hata kukanyaga pedali ndiko kulikonifanya niingie katika habari hii ya gramu.

Baiskeli yenyewe ni ya alumini, ina shokapu mbele na nyuma, mota ya Bosch Performance Line CX ya kizazi cha nne, betri ya PowerTube 625, na gia 12 za Shimano Deore. Ikiwa na pedali, stendi na tyubu ndani ya matairi, ilikuwa kilo 24.9. Baiskeli nzima niliipima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia masanduku ya safari. Kipuri kimoja kimoja nilikipima kwa mizani ya jikoni. Namba za gramu nitakazotaja kwa vipuri vyangu ni za mizani hiyo. Mizani ya jikoni ndiyo zana ya kwanza ya kununua, na ni rahisi kuliko kipuri chochote hapa.

Kabla ya kuingia dukani, jua kwanza kile ambacho huwezi kukigusa. Mota hii ina kilo 2.9 hivi na betri kilo 3.5 hivi. Jumla kilo 6.4, zaidi ya robo ya baiskeli nzima, na hakuna kipuri utakachonunua kitakachopunguza hata gramu moja hapo. Fremu nayo ni ile ile. Kwa hiyo usijilinganishe na jirani mwenye baiskeli ya kawaida ya kilo 14. Hutafika huko, na hata ukitumia mshahara wa miezi mitatu bado hutafika.

Jambo la pili ni umbali wa betri. Wengi wanaonunua vipuri vyepesi wanatumaini betri itawafikisha mbali zaidi. Nimefanya hesabu, na ningependa kila mtu aifanye kabla hajatoa pesa. Freiburg iko mita 278 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Schauinsland kiko mita 1,284. Ukipanda kutoka mjini unainuka mita elfu moja na kidogo. Kuinua kilo moja kwa mita elfu moja kunahitaji wati-saa 2.7. Kwa gramu zangu 1,635 ni wati-saa 4.5. Mota hupoteza sehemu ya umeme kama joto, basi tuseme betri inatoa wati-saa 6. Betri yangu ina 625. Ni asilimia moja, na hapo nimechukulia mota imefanya kazi yote bila miguu yangu. Ukishusha msaada wa mota kutoka Turbo (wa juu kabisa) hadi Tour (wa chini zaidi) kwenye mlima mmoja tu, unaokoa zaidi ya hapo mara nyingi, na ni bure.

Kwa nini basi nijisumbue? Kwa sababu ya ngazi, ndiyo, lakini pia kwa sababu uzito hauko sawa kila mahali kwenye baiskeli. Ndoo ya maji kichwani unatembea nayo kilomita nzima. Ishike kwa mkono ulionyooka, hutamaliza dakika. Gramu iliyoko katikati ya fremu, karibu na mota, imetulia na haikusumbui. Gramu iliyoko ukingoni mwa gurudumu unaisukuma mbele na pia unaizungusha, kwa hiyo unapoongeza mwendo inahesabika karibu mara mbili. Tena iko chini ya shokapu: gurudumu likigonga mzizi, shokapu lazima irushe uzito huo juu na kuurudisha chini kabla ya mzizi unaofuata. Gurudumu zito linachelewa kurudi ardhini, na likichelewa, huna mshiko. Ukilielewa hilo, orodha ya manunuzi inajipanga yenyewe.

Nilianza na tyubu. Baiskeli nyingi, hata za bei kubwa, zinatoka dukani na tyubu ndani ingawa rimu na matairi yake yanaweza kukaa bila tyubu. Tyubu zangu zilikuwa gramu 230 kila moja. Nikazitoa, nikaweka utepe wa rimu, valvu, na dawa ya kuziba pancha, mililita 110 kila gurudumu. Faida halisi ni gramu 220, kwa sababu dawa, valvu na utepe navyo vina uzito. Nililipa yuro 35 kwa vyote.

Kazi yenyewe inataka utulivu kuliko nguvu. Safisha kitanda cha rimu kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke kikavu na cheupe. Vuta utepe kwa nguvu unapoubandika, upitilize pale penye tundu la valvu, kisha uusugue kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni ili mapovu ya hewa yatoke. Toboa tundu la valvu kwa bisibisi yenye ncha ya mviringo, usitumie kisu, maana kisu kinaacha mpasuko unaoendelea kuchanika. Paka maji ya sabuni kwenye midomo ya tairi. Halafu pampu yenye tangi la hewa: unaijaza, unaifungulia mara moja, na tairi linapanda kwenye kingo za rimu kwa milio miwili mikali, upande mmoja kisha wa pili. Ukisikia mmoja tu, angalia ule mstari mwembamba ulioko ubavuni mwa tairi karibu na rimu. Lazima uonekane sawasawa mzunguko mzima. Mahali unapozama, paka sabuni tena, ongeza hewa. Baada ya hapo zungusha gurudumu, lilaze upande huu na upande ule ili dawa ifike kila mahali, na uende kulala. Asubuhi ongeza hewa kidogo kwa sababu usiku wa kwanza huvuja.

Faida kubwa kuliko gramu 220 ni kwamba bila tyubu unaweza kushusha upepo. Mimi naendesha bar 1.5 mbele na 1.7 nyuma. Kwa tyubu ningekuwa natoboa kila ninapopita kwenye mawe, kwa sababu tyubu hubanwa kati ya tairi na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba. Upepo ukipungua tairi linakumbatia mizizi yenye unyevu, na Schwarzwald ni mizizi yenye unyevu kuanzia Oktoba hadi Aprili. Kasoro ni kwamba dawa hukauka. Inabidi uongeze kila baada ya miezi michache, na mtu anayeacha baiskeli stoo majira yote ya baridi atakuta utando mkavu ndani ya tairi badala ya majimaji.

Tairi la mbele nililibadilisha: nilitoa Magic Mary ya Schwalbe yenye ubavu wa Super Gravity, gramu 1,360, nikaweka Magic Mary ile ile yenye ubavu wa Super Trail, gramu 1,190. Gramu 170 kwa yuro 65. Mpira ni ule ule laini, meno ni yale yale. Kilichopungua ni tabaka za ubavuni. Nililisikia siku ya kwanza kwenye Borderline, mojawapo ya njia za baiskeli zilizotengenezwa kwenye mlima wa Rosskopf juu ya mji. (Njia halali ni chache huku. Sheria ya misitu ya jimbo la Baden-Württemberg hairuhusu baiskeli kwenye vijia vyenye upana wa chini ya mita 2 isipokuwa vile vilivyotengwa, na vilivyotengwa Freiburg vinatunzwa na watu wa kujitolea kwa koleo na sururu. Tafadhali usivipite wakati wa matope mazito.) Kwenye kona zinazofuatana haraka, kulia kushoto kulia, usukani unaitika mapema, na kuinua gurudumu la mbele kuruka gogo sasa ni jambo la mikono, si la mwili mzima.

Tairi la nyuma sikuligusa, na nakusihi nawe usiliguse. Nyuma ndiko ulikokaa sehemu kubwa ya uzito wako. Kwenye baiskeli ya umeme unapanda mawe kwa mwendo ambao kwa nguvu ya miguu peke yake usingekuwa nao, na gurudumu la nyuma linayagonga yote. Ubavu mnene wa nyuma ni gramu zinazofanya kazi. Nimeona watu wakishuka mlima kwa miguu, baiskeli begani, kwa sababu ya kuokoa gramu 200 hapo, na baiskeli ya kilo 23 begani ni adhabu.

Magurudumu sasa. Hiki ndicho kipande cha gharama, yuro 640, na ndicho nilichokifikiria kwa muda mrefu. Yale ya kiwandani yalikuwa gramu 2,570 kwa jozi bila matairi. Sikutaka ya kaboni. Bei ingepanda sana na nilitaka rimu ambayo ikipinda kidogo inaweza kunyooshwa. Nilikwenda kwa fundi mmoja hapa mjini anayefunga magurudumu kwa mkono, karakana ndogo yenye stuli mbili na redio. Aliniuliza uzito wangu, baiskeli gani, naendesha wapi, mara ngapi naruka, ndipo akafungua katalogi. Tulikubaliana rimu za alumini za DT Swiss XM 481, upana wa ndani milimita 30, habu (vitovu vya magurudumu) za DT Swiss 350 Hybrid, spoku 32 kila gurudumu. Habu za Hybrid zina gramu za ziada kuliko 350 za kawaida, na nilitaka kuzikataa kwa sababu hiyo. Alinionyesha sehemu ya ndani: zimeimarishwa kwa baiskeli za umeme, kwa sababu mota ya nyutoni-mita 85 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) ikijumlishwa na miguu ya mtu inasukuma habu kuliko habu ya kawaida ilivyokusudiwa. Nikakubali, na sijuti gramu hizo.

Aliniruhusu nikae nitazame hatua ya mwisho, na kwangu ilikuwa sehemu bora ya manunuzi yote. Gurudumu likiwa kwenye fremu yake ya kupimia, anashika spoku nne kwa pamoja, mbili kila upande, na kuzibana kwa viganja vyake mpaka unasikia mlio mdogo, tik, tik, spoku zikijikalisha kwenye matundu ya habu. Anazunguka gurudumu zima hivyo. Kisha anapima mkazo wa kila spoku kwa kifaa chenye saa, anaandika, anakaza robo mzunguko hapa, anaregeza moja ya nane pale, anabana tena. Mwishoni alipiga spoku kwa kucha, moja baada ya nyingine, na zote za upande mmoja zilitoa sauti moja. Tangu siku hiyo sijalazimika kumrudishia hata kwa kunyoosha. Ukiwa na fundi wa namna hii mjini kwako, mpe kazi. Magurudumu ya kununua mtandaoni kwa bei ile ile yanaweza kuwa mepesi zaidi kwa gramu mia, lakini hutapata mtu aliyekuuliza uzito wako.

Magurudumu mapya ni gramu 2,060. Nimeokoa 510, na zote ziko pale panapouma. Tofauti unaiona unapotoka kwenye kona ya kupanda, ile kona kali ambayo baiskeli karibu isimame. Zamani mota ilikuwa inavuta, inasita, ndipo gurudumu linaanza kuitika. Sasa linaondoka. Na juu ya mwendo wa kilomita 25 kwa saa, ambako sheria ya Ulaya inaitaka mota ikate msaada, mguu wangu peke yake unapata kazi nyepesi zaidi kuongeza mwendo. Nikiwa nimeshafika mwendo huo, kwenye barabara tambarare kando ya mto Dreisam, sioni tofauti yoyote, na hilo ndilo la kutarajiwa: tambarare uzito hauna maneno, kinachokuzuia ni mpira laini wa matairi na upepo.

Friwili, yaani lile rundo la meno ya gia kwenye gurudumu la nyuma. Ile ya Deore ni ya chuma yote, gramu 595. Nilipohitaji kubadilisha kwa kuchakaa nikachukua ya XT, ya daraja la juu zaidi la Shimano, gramu 475, yuro 140. Inaingia pale pale bila kubadilisha kitu kingine, gia zinabadilika vizuri mno, laini na kimya. Lakini gramu 120 nilizookoa zimetoka hasa kwenye meno makubwa mawili ambayo kwenye XT ni ya alumini, na hayo ndiyo ninayotumia kupanda Rosskopf na mota ikivuta kwa nguvu zote. Alumini haivumilii mnyororo uliochakaa kama chuma kinavyovumilia. Napima mnyororo mara kwa mara kwa kipimo chake na kuubadilisha mapema, na hata hivyo naona meno yameanza kunoleka. Kwa baiskeli ya kawaida ningeipa XT alama zote. Kwa baiskeli ya umeme ya mtu anayepanda sana, Deore ya chuma inafanya kazi ile ile, inadumu zaidi, na bei yake iko chini sana.

Usukani wa kaboni wa OneUp, yuro 155. Niliukata mpaka milimita 770 na sasa ni gramu 225. Wa zamani wa alumini ulikuwa 330. Kwa uzito peke yake ni biashara mbaya, karibu yuro moja na nusu kwa kila gramu. Naupendekeza hata hivyo, kwa sababu nyingine kabisa. Umebanwa bapa kidogo pande mbili, kwa hiyo unalegea kwa juu na chini bila kulegea mbele na nyuma. Viganja vyangu vilikuwa vinakufa ganzi kwenye mteremko mrefu, na mtu anayetafuta mishipa ya wagonjwa kwa vidole kesho yake hawezi kuchezea ganzi. Imepungua mno. Anayefunga kaboni anunue spana ya kupimia nguvu, akaze kwa kiasi kilichoandikwa kwenye shingo ya usukani, kwangu nyutoni-mita 5, na apake ile krimu yenye chembechembe pale panapobanwa. Kaboni iliyokazwa kupita kiasi haipindi ikakuonya. Inavunjika.

Pedali ni habari fupi na nzuri. Za alumini nilizokuwa nazo, gramu 480. Za nailoni, gramu 350, yuro 50. Ni nyepesi, ni rahisi, zikigonga jiwe zinateleza badala ya kung'ang'ania, na pini zake za chuma zinashika soli vizuri. Stendi niliing'oa: gramu 380, bila senti. Naegemeza baiskeli ukutani.

Kuna vitu watu walinishauri nikavikataa. Diski za breki ni milimita 203 mbele na nyuma, na za 180 zingepunguza gramu kidogo. Hapana. Kutoka Schauinsland hadi mjini ni mita elfu moja za kushuka, na mimi, baiskeli na mkoba ni zaidi ya kilo 90. Diski kubwa ndiyo inayobeba joto lote hilo. Nguzo ya siti inayoshuka kwa kitufe ni nzito, na mtu anayekuambia uweke nguzo ya kawaida ili uwe mwepesi hajawahi kushuka mteremko mkali wa mizizi siti ikiwa imemsukuma kifuani. Siti yenyewe inanifaa mifupa ya makalio, haibadilishwi kwa gramu mia. Boliti za titani nilizipigia hesabu: yuro 70 kwa gramu 40. Nilizirudisha rafuni.

Kwa walioko Ujerumani kuna jambo la kisheria pia. Chama cha sekta ya baiskeli kina mwongozo wa vipuri gani unaweza kubadilisha kwenye baiskeli ya umeme. Pedali na vipuri vya gia havina shida. Magurudumu, matairi na usukani vinataka ridhaa ya mtengenezaji wa baiskeli au wa kipuri, ndiyo maana ni vyema kuchagua vilivyoandikwa wazi kuwa vinafaa baiskeli za umeme. Breki na foki zinataka ridhaa ya mtengenezaji wa baiskeli. Mota na betri usiguse kabisa. Tunza risiti zote.

Kama bado hujanunua baiskeli, una bahati, maana uzito mkubwa unaamuliwa siku hiyo. Betri za Bosch zilizotoka 2024 ni mfano: PowerTube 600 ina kilo 3.0, na PowerTube 800 ina kilo 3.9. Hizo ni gramu 900, sawa na zote nilizopata kwa matairi na magurudumu kwa yuro 740. Jiulize kwa kweli unapanda mita ngapi kwa siku. Wengi wanaochukua betri kubwa wanarudi nyumbani ikiwa na nusu. Na kuna familia ya baiskeli nyepesi tangu mwanzo, kama Trek Fuel EXe ya 2022 yenye mota ya TQ HPR50: mota kilo 1.85, nyutoni-mita 50, betri ya wati-saa 360. Nimeijaribu ya mwenzangu kazini. Inacheza msituni karibu kama baiskeli isiyo na mota, na haina kelele. Lakini kwenye mwinuko mrefu miguu yako lazima ilipe tofauti kati ya 50 na 85, na mimi baada ya zamu ya usiku sina hiyo miguu. Mwenye afya ya kukimbia na asiyefanya kazi ya kusimama, namwambia achukue hiyo na asinunue hata kipuri kimoja cha kupunguza uzito.

Mdogo wangu yuko Arusha, anaendesha baiskeli ya kawaida kwenye miteremko ya Meru, na kila tukizungumza kwa simu ananiuliza, "Dada, Desemba ukija si uje nayo hiyo ya umeme?" Haiwezekani kwa ndege. Betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, si kwenye mzigo wa mkononi wala kwenye sanduku, na yangu ni 625. Fremu bila betri ingepita, lakini baiskeli ya kilo 20 isiyo na mota inayofanya kazi haina maana kwake.

Ninachomwambia ni kwamba hatua ya kwanza ya yuro 35 inamfaa yeye kuliko inavyonifaa mimi. Kule tatizo ni miiba ya migunga, ambayo inapita kwenye tairi lolote lenye ubavu mwembamba au mnene, na tyubu haina dawa nayo. Tairi lisilo na tyubu lenye dawa ya kutosha linajiziba, mwiba ukiwa bado umo ndani. Aongeze mpaka mililita 130 kwa sababu joto linakausha dawa upesi, na asiung'oe mwiba akiwa njiani; aukate usawa wa mpira, aendelee. Kabla ya kununua chochote aangalie ubavuni mwa rimu na mwa tairi kama vyote viwili vimeandikwa kuwa vinakubali kutumika bila tyubu. Rimu zake amenitumia picha: zinakubali. Matairi yake bado, kwa hiyo Desemba sanduku langu litakuwa na matairi mawili, utepe na valvu, na dawa ataitafuta mwenyewe.